Maneno 34 ya Muriel Feelings na deni letu kwa watoto

Wapo waandishi walioandika vitabu hamsini na hakuna anayekumbuka hata kimoja. Muriel Feelings, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1938, anakumbukwa kwa vitabu vitatu vya watoto. Viwili kati ya hivyo vimesimama juu ya maneno makuu 34 tu ya Kiswahili: nambari kumi katika Moja Means One (1971), na maneno 24, moja kwa kila herufi, katika Jambo Means Hello (1974).

Maneno 34! Insha ya mtoto wa darasa la tatu ina zaidi ya hayo. Hata hivyo, kwa maneno hayo machache Muriel, pamoja na mchoraji Tom Feelings aliyekuwa mumewe, alikiingiza Kiswahili katika maktaba za watoto za Marekani zaidi ya miaka 50 iliyopita, tena kwa heshima ambayo lugha chache za Afrika zilikuwa zimepewa huko. Leo ninataka kuvipima vitabu hivi kwa macho ya msomaji wa Kiswahili. Sisi tuna mazoea ya kushukuru tu tunapotajwa na wageni. Shukrani ni jambo jema, lakini shukrani si uhakiki.

Tuanze na mwandishi mwenyewe. Katikati ya miaka ya 1960, Muriel alikuja Uganda akafundisha sanaa katika shule moja ya upili jijini Kampala. Hapo ndipo alipokutana na maisha ya Afrika Mashariki ambayo baadaye yalijaza vitabu vyake. Kitabu chake cha kwanza, Zamani Goes to Market, kilitoka mwaka 1970. Ni kisa cha mvulana wa Afrika Mashariki anayekwenda sokoni na baba yake kwa mara ya kwanza. Hakina vitimbi vikubwa. Mtoto anaona, anatamani, anafikiria watu wa nyumbani. Lakini tayari mtu anaona kile ambacho kingekuwa alama ya mwandishi huyu: mambo ya kila siku yanayosimuliwa bila haraka na bila kumfanya Mwafrika kuwa kioja.

Tom naye alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1933. Alikuwa amekwenda Ghana mwaka 1964 kufanya kazi ya uchoraji katika machapisho ya serikali ya Kwame Nkrumah, akaondoka baada ya mapinduzi ya 1966. Mwaka 1968 alichora picha za To Be a Slave, kitabu cha Julius Lester kuhusu utumwa. Kwa hivyo wawili hawa hawakuijua Afrika kwa kusimuliwa. Mmoja alikuwa ameishi magharibi ya bara, mwingine mashariki.

Swali linalojitokeza ni hili: kwa nini Kiswahili? Tom alitoka Accra, si Mombasa. Mababu wengi wa Wamarekani Weusi walichukuliwa kutoka Afrika Magharibi na ya Kati. Na hata huko Kampala alikofundisha Muriel, Kiswahili enzi hizo hakikuwa lugha ya mapenzi. Kampala ni mji wa Waganda, na Kiswahili kilihusishwa zaidi na jeshi na polisi.

Jibu limo katika siasa za wakati ule. Miaka ya 1960 Wamarekani Weusi walikuwa wanatafuta lugha ya Kiafrika isiyo ya kabila moja, lugha ambayo mtu yeyote mweusi angeweza kuidai bila kuulizwa ukoo wake. Mwaka 1966 Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa na kuipa Nguzo Saba zenye majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Mwaka huohuo, filamu ya televisheni ya Star Trek ilimleta mhusika Uhura, jina lililotokana na neno uhuru. Vyuo vikuu kadhaa vilianza kufundisha Kiswahili kwa sababu wanafunzi walikidai. Vitabu vya Muriel Feelings vilizaliwa katika joto hilo. Tofauti ni kwamba wengine walikuwa wakiwapa watu wazima kaulimbiu, yeye aliwapa watoto hesabu na alfabeti.

Kitabu cha Moja Means One kinaanza kwa mlima Kilimanjaro na kuishia kwa watoto kumi waliomzunguka msimulizi wa hadithi. Kati ya hapo kuna mchezo wa bao, akina mama waliobeba watoto mgongoni, soko, ala za muziki. Kila nambari ina kurasa mbili zinazotazamana, neno la Kiswahili, mwongozo wa matamshi, na sentensi moja au mbili za Kiingereza. Basi. Maneno yamebanwa, picha zimeachiwa nafasi ya kupumua.

Na picha zenyewe si mchezo. Tom hakutumia rangi za kupiga kelele. Kuna weusi, weupe na vivuli vya katikati. Nyuso zinaonekana kama zinatoka ndani ya ukungu wa alfajiri. Kwa mtoto mweusi wa Marekani wa mwaka 1971, aliyezoea kuona Mwafrika kwenye filamu za Tarzan tu, uso mweusi uliochorwa kwa utulivu na uzuri kiasi hicho ulikuwa hoja nzima peke yake. Haukuhitaji maelezo.

Tuzo zilifuata. Mwaka 1972 Moja Means One kilipata heshima ya Caldecott, na Tom akawa Mmarekani Mweusi wa kwanza kuipata. Jambo Means Hello nacho kilishinda tuzo ya Boston Globe–Horn Book mwaka 1974, kikapata heshima ya Caldecott mwaka 1975.

Hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi hawalitambui. Caldecott hutolewa kwa mchoraji, si kwa mwandishi. Kwa hiyo anayetajwa kwenye orodha hizo za heshima ni Tom. Muriel, aliyeishi Kampala, aliyechagua maneno, aliyeamua kwamba hesabu ianzie mlimani na kuishia kwenye hadithi, anaonekana kama kivuli cha mumewe. Baadaye Tom aliendelea na kazi kubwa, ikiwemo The Middle Passage ya mwaka 1995, kitabu kinachosimulia safari ya meli za watumwa kwa picha pasipo hadithi ya maneno. Alifariki mwaka 2003 akiwa na sifa kamili. Sifa ya Muriel imebaki palepale, kwenye vile vitabu vitatu.

Mimi nadhani amepunjwa. Kuandika kitabu cha picha ni kazi ya kujinyima. Mwandishi wa riwaya akikosea sentensi, anazo nyingine elfu tano za kumwokoa. Mwandishi wa kitabu cha picha ana maneno machache, na kila neno linalorudia kile ambacho picha imekwisha kusema ni neno lililopotea. Muriel alilijua hilo. Pale picha inaposema uzuri, yeye anataja matumizi ya kitu. Pale picha inapoonyesha tendo, yeye anataja maana yake kwa jamii. Huo ndio ufundi wake.

Sasa tuje kwenye lugha yenyewe, maana hapo ndipo penye kazi.

Hebu tulitazame jina la kitabu cha pili: Jambo maana yake ni Hello. Kweli? Mswahili wa Mvita au wa Lamu ukimwambia "jambo" anaweza akakuuliza, "Jambo gani?" Neno jambo maana yake ni shauri, habari, tukio, pengine hata tatizo. Salamu ni "Hujambo?" yaani, huna jambo? Hakuna lililokusibu? Nawe unajibu "Sijambo." Tukiwa wengi ni "Hamjambo?" na "Hatujambo." Uzito wote wa salamu hii umo katika kile kikanushi. Tunamtakia mwenzetu kutokuwa na jambo. Ukikiondoa, unabaki na tatizo tupu mkononi, unampungia nalo mtu mkono!

Wapo watakaosema kwamba hata Wakenya tunasema "jambo". Ni kweli, hasa tunapomwona mtalii. Wimbo wa Jambo Bwana wa kundi la Them Mushrooms, uliotoka mwaka 1982, umekieneza kifupisho hicho duniani kote, na hoteli za pwani zimemalizia kazi. Lakini kumbuka kwamba kitabu cha Muriel kilitangulia wimbo huo kwa miaka minane. Kwa hiyo hatuwezi kumlaumu yeye kwa kuiga hoteli. Alilichukua neno kama alivyolisikia bara, mbali na pwani, ambako salamu ilikuwa imekwisha kukatwa kichwa. Kosa, kama ni kosa, lilianzia kwetu.

Kuna suala la pili, nalo linanigusa zaidi kama mtu anayejali jinsi Kiswahili kinavyofundishwa. Kitabu cha hesabu kinaandika moja, mbili, tatu. Kwa kuhesabu tu, hakuna ubaya, kwani ndivyo tunavyohesabu. Lakini kitabu cha picha hakihesabu hewani. Kinahesabu vitu. Na Kiswahili, tofauti na Kiingereza, hakikubali nambari ikae kando ya kitu bila kusalimiana nacho. Mlima ni mmoja, si moja. Watu ni wawili. Vikapu ni vitatu. Mayai ni manne. Mtoto anayeona neno mbili limekaa juu ya picha ya watu wawili atasema nini? Atasema "watu mbili".

Najua mnacheka, kwa sababu "watu mbili" ndiyo lugha ya matatu, ya ofisi na ya nyumbani kwetu Nairobi. "Nipatie vitabu mbili." "Tuko watu tatu." Mtoto wa Philadelphia aliyejifunza kwa kitabu hicho akishuka uwanja wa ndege leo ataelewana na makanga bila shida yoyote! Lakini tujiulize: huyo mtoto ana udhuru, kwani lugha yake ya nyumbani haina ngeli. Wetu wana udhuru gani?

Suala la tatu ni alfabeti. Jambo Means Hello kina maneno 24 kwa sababu Kiswahili hakina Q wala X. Muriel alikuwa makini kulieleza hilo. Hata hivyo, kiunzi chenyewe ni cha Kiingereza: A, B, C kwenda mbele. Kiswahili hakina C inayosimama peke yake, kina ch. Na pale kwenye kiunzi cha Kiingereza hakuna ukurasa wa ng' wala wa ny, dh, gh na th. Sauti hizo ndizo zinazowasumbua watoto wetu hadi wakubwa. Mara ngapi tumesikia dhahabu ikigeuzwa zahabu, au ng'ambo ikisomwa kama ngambo? Aidha, herufi ya kwanza imepewa neno arusi. Ni neno sahihi, limo kamusini, lakini mtoto wa Kenya aliyezoea kusema harusi angelitafuta kwenye H. Kule kwenye H angekuta heshima, na hapo angalau angepata faraja.

Je, kwa kusema haya ninavibomoa vitabu hivi? Hapana. Wala siungani na wahakiki watakaosema kwamba vinaonyesha Afrika ya vijijini tu, ya vyungu, mbuzi na masoko. Ukosoaji huo una ukweli wake. Mwandishi alifundisha katika jiji kubwa, na jiji halionekani sana kwenye kurasa zake. Lakini lazima tupime kazi kwa lengo lake. Muriel hakuwa anamwandikia mtoto wa Buruburu au wa Kinondoni. Alimwandikia mtoto wa Brooklyn aliyeambiwa kwamba alikotoka hakuna kitu. Mtoto yule alihitaji kuambiwa kuna mlima, kuna mchezo, kuna soko, kuna hadithi, na kwamba vyote hivyo vina majina mazuri. Kwa msomaji huyo, kitabu kilifanya kazi yake barabara.

Tatizo linaanza pale ambapo mtoto wa Buruburu hana cha kwake.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Mgeni huyu alikuja, akakaa, akaondoka, akatuachia kipimo. Tumepona? Nimekuwa nikipita kwenye maduka ya vitabu jijini nikichungulia rafu za watoto. Vitabu vya Kiswahili vipo, tena si haba, hasa vya mtaala. Lakini vingi ni vitabu vyenye picha, si vitabu vya picha. Tofauti ni kubwa. Katika kitabu chenye picha, ukizing'oa picha hadithi inabaki kamili, kwani picha ni pambo la kumfanya mtoto asisinzie. Katika kitabu cha picha, ukiing'oa picha hadithi inaanguka, maana nusu ya usimulizi imo kwenye mchoro. Chukua kitabu chochote cha watoto ulicho nacho nyumbani, ufunike picha kwa mkono, usome. Kama hujapoteza chochote, basi hicho ni kitabu chenye picha.

Sababu si ukosefu wa vipaji. Mwaka 1996 shirika la Sasa Sema lilichapisha Abunuwasi, visa vilivyochorwa na Gado kwa Kiswahili, na wasomaji wakaona mchoro unavyoweza kubeba kejeli bila kusaidiwa na maneno. Tanzania inaye John Kilaka, mchoraji wa mtindo wa tingatinga, ambaye vitabu vyake vya picha vyenye ngano za wanyama vimesomwa na watoto wa Ulaya kwa Kijerumani na wa Marekani kwa Kiingereza. Yaani ngano za nyumbani zinasafiri kwenda kupendwa ugenini, kama mwembe wa mtu unaoangusha maembe upande wa pili wa ua.

Sababu ni mpangilio wa kazi. Kwetu mwandishi humaliza hadithi, akaikabidhi, kisha mchapishaji akamtafuta mchoraji wa kulipwa mara moja na kwenda zake. Mara nyingi wawili hao hawaonani. Jina la mchoraji utalikuta ndani, kwa herufi ndogo, karibu na anwani ya mchapishaji, kama lipo. Kule Marekani Muriel alipunjwa kwa sababu tuzo ilimwona mchoraji peke yake. Huku kwetu mchoraji hupunjwa kwa sababu kila mtu anamwona mwandishi peke yake. Kote kuwili kinachosahaulika ni kwamba kitabu cha picha kina wazazi wawili, na kwamba kile cha Muriel na Tom kilifaulu kwa kuwa wawili hao walikifikiria pamoja tangu mwanzo.

Sababu nyingine ni soko. Mchapishaji anajua kitabu kilichoidhinishwa kwa shule kitauzika. Kitabu cha kurasa 32 chenye picha za rangi ni ghali kuchapisha, na mzazi anayekiona anauliza, "Maneno yenyewe ni haya tu?" Mzazi huyohuyo atalipia daftari la mazoezi kwa sababu limejaa maandishi. Tunanunua vitabu kwa uzito, kama viazi. Wakati huohuo, sera yetu inasema mtoto wa madarasa ya awali afundishwe kwa lugha ya mazingira yake. Kwa watoto wengi wa mijini lugha hiyo ni Kiswahili. Sasa wasome nini kabla hawajajua kusoma? Kitabu cha picha ndicho kitabu pekee ambacho mtoto asiyejua kusoma anaweza kukisoma.

Ninalopendekeza si jambo la bajeti ya serikali. Mchapishaji mmoja tu amkalishe mwandishi na mchoraji meza moja kabla ya sentensi ya kwanza kuandikwa, awape mkataba sawa, na majina yote mawili ayaweke kwenye jalada kwa ukubwa mmoja. Kisha wawaze kitabu cha kuhesabu kilichozaliwa ndani ya Kiswahili: mlima mmoja, watoto wawili, vikapu vitatu, miembe minne, mayai matano, ng'ombe sita. Mtoto wa miaka minne atageuza kurasa na kuona jinsi nambari inavyobadilika kwa kufuata kitu, mpaka afike kwenye sita aone haijabadilika, aulize kwa nini. Akiuliza hivyo, ameanza sarufi bila kupigwa na jedwali la ngeli. Saba haitabadilika, nane itabadilika, tisa na kumi hazitabadilika. Huo ni mchezo mzima, na hakuna lugha ya Ulaya inayoweza kuucheza kwa niaba yetu.

Vivyo hivyo alfabeti. Tuandike kitabu chenye ukurasa wa ch na usiwe wa C, wenye ghala kwenye gh na thumni kwenye th. Tumpe ng' kurasa mbili zinazotazamana, zijazwe na ng'ombe mmoja mkubwa aliyegoma katikati ya barabara ya Kangundo huku matatu zikipiga honi nyuma yake. Mchoraji atajua la kufanya. Mwandishi ataandika neno moja, kisha anyamaze. Kunyamaza huko ndiko Muriel Feelings alikokuweza, na ndiko waandishi wetu wengi wa vitabu vya watoto bado hatujakuweza.